Besi Isiyo na Freti: Tunanyoosha Kisichopinda

Kuna jambo limeingia studio taratibu kiasi kwamba wengi wetu tulilizoea kabla ya kulijadili. Mpiga besi anamaliza kurekodi, anarudisha gitaa lake mkobani, na fundi mitambo anafungua programu ya kurekebisha sauti. Kila nota inaonekana kwenye skrini kama donge la rangi lililokaa juu ya mstari wake, au lililopanda au kushuka kidogo. Fundi anayachagua madonge yote kwa pamoja, anabonyeza mara moja, na yote yanarukia mstarini. Kwa besi ya kawaida kazi hiyo haina faida kubwa wala hasara kubwa. Kwa besi isiyo na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, ni kama kufuta rekodi na kuandika nyingine juu yake. Na wakati hilo likiendelea, ala bandia za kompyuta zinatoa sauti ya besi hiyohiyo kwa kubofya kibodi, na programu zinazotunga muziki kwa kuandikiwa maneno mawili matatu zinaitoa kwa sekunde chache, pamoja na mtelezo wake maarufu, yaani sauti kuteleza kutoka nota moja hadi nyingine.

Mjadala uliozuka kati ya wapigaji na maprodyuza umegawanyika katika kambi mbili, na naona zote mbili zimeanzia mahali pasipofaa. Kambi ya kwanza inasema enzi za besi isiyo na freti zimekwisha, kwa kuwa mtelezo wake sasa unapatikana kwenye kitufe. Ya pili inajibu kwa uchungu kwamba hakuna mashine itakayoteleza kwa hisia kama kidole cha binadamu. Tazama wanachokubaliana: wote wanaamini kwamba besi hii ni mtelezo. Mimi naipiga huu mwaka wa kumi na saba, naipenda kupita ala yoyote niliyowahi kushika, na nasema mtelezo ni sehemu yake ndogo. Besi isiyo na freti ni ala ambayo mpigaji anaamua kimo cha kila nota, yaani iwe juu au chini kiasi gani, papo hapo, kwa kuwasikiliza wenzake. Uamuzi huo ndio programu ya kunyoosha inaoufuta, na ndio ambao mashine inayoteleza vizuri bado haijaugusa. Kuisifu besi hii kwa mtelezo wake ni kuivisha kilemba cha ukoka.

Ili hoja hiyo isimame, tuanze na freti zenyewe. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Ukibonyeza uzi nyuma ya chuma, uzi unakatwa pale chuma kilipo, si pale kidole kilipo, na kidole kikikosea kwa nusu sentimita sauti haibadiliki. Mahali pa kila chuma hupatikana kwa hesabu: chukua urefu wa uzi uliobaki, ugawe kwa 17.817, na jibu ndilo umbali hadi freti inayofuata. Kwenye besi nyingi uzi una inchi 34, yaani karibu milimita 864, kwa hiyo freti ya kwanza inakaa milimita 48 na nusu kutoka mwanzo wa shingo, na ya kumi na mbili inakaa katikati kabisa ya uzi. Hesabu hiyo inaigawa oktava, yaani safari ya kutoka do hadi do inayofuata, katika hatua 12 zilizo sawa. Ni mpango mzuri sana. Ndio unaowezesha kinanda, gitaa na besi kupiga katika kila ufunguo bila kutyuniwa upya. Lakini ni makubaliano tu, na katika makubaliano yoyote kuna kitu kinachotolewa ili kingine kipatikane.

Kilichotolewa unaweza kukisikia bila ala yoyote. Imba do, mi, so na wenzako wawili, mzishike sauti hizo mpaka zitulie na kusikika kama kitu kimoja. Mi yenu haitakuwa mi ya kinanda. Itakuwa chini yake kidogo. Wanamuziki huigawa hatua moja ya freti katika sehemu 100 zinazoitwa senti. Mi ya kinanda iko senti 400 juu ya do. Mi inayoshikana na do, ile ambayo mitetemo yake ina uwiano wa 5 kwa 4, iko senti 386. Tofauti ni senti 14. So haina tatizo kubwa, kwani inakosana na so ya asili kwa senti 2 tu, na hakuna anayelalamika. Mi ndiyo iliyobebeshwa mzigo.

Sasa tulete besi. Kwenye uzi wa A, mi ya kodi kubwa ya A (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja, kama ile do, mi, so) iko pale ambapo freti ya nne ingekuwa. Ukitaka kuishusha senti 14 mahali hapo, kidole kinasogea milimita tano na nusu kuelekea kichwa cha gitaa. Panda oktava moja kwenye uzi huohuo, na umbali unakuwa nusu ya huo. Ncha ya kidole changu ina upana unaozidi sentimita moja na nusu, kwa hiyo mara nyingi sikihamishi hata kidogo. Nakiegemeza tu, nyama ya kidole inalalia upande mmoja na uzi unaanza kutetemekea mahali pengine. Anayenitazama haoni kitu. Mwenye freti hawezi kufanya hivyo hata akiwa bingwa wa dunia, kwa sababu chuma kimeshamwamulia. Anaweza kuuvuta uzi sauti ipande, lakini kuishusha chini ya freti yake ni taabu nyingine. Sisi tunapanda na kushuka, na hata mtetemo wa kidole, ule unaoipa nota ndefu uhai, kwetu unapita juu na chini ya kimo, wakati kwa mwenye freti anayevuta uzi unapita juu tu.

Mtu anaweza kudhani basi nasema mi ya kweli ni ile ya chini, na kwamba kazi ya mpigaji ni kukariri mahali pake. Sivyo. Chukua ti, nota inayokaa chini kidogo ya do na kuvutwa kuielekea. Wapiga fidla wengi, wanapopanda kutoka ti kwenda do, huisogeza ti juu kidogo kuliko ilivyo kwenye kinanda, ili ionyeshe inakokwenda. Nota hiyohiyo ikishikwa ndani ya kodi iliyotulia, wataishusha. Kwa hiyo mahali pa kidole panategemea kama nota inasafiri au imekaa, nani anaimba juu yake, na ala gani zipo chumbani. Mpiga udi anajua jambo hili tangu siku ya kwanza, kwa kuwa shingo ya udi nayo haina freti, na makamu anayoipiga, ule mpangilio wa nota za muziki wa Kiarabu, ina vimo ambavyo hesabu ya hatua 12 haina hata jina lake. Swali la kama mpigaji yuko sawa halijibiki mpaka uulize anapiga na nani.

Historia ya besi hii imechangia kuleta kutoelewana. Leo Fender alipoanza kuuza besi yake ya umeme mwaka 1951 aliiita Precision, yaani Usahihi, na jina lilikuwa tangazo: besi kubwa ya kusimama haina freti, wapigaji wake walihitaji miaka kuipata sauti, na sasa chuma kingewapa usahihi bila jasho. Tangu hapo kukosa freti kukahesabiwa kuwa upungufu ambao teknolojia ilikuwa imeutibu. Miaka 10 baadaye, mwaka 1961, Bill Wyman, ambaye baadaye alikuwa mpiga besi wa Rolling Stones, aling'oa freti zilizochakaa za besi ya bei rahisi akiwa na nia ya kuweka nyingine. Alipoisikia ilivyo, akaiacha hivyo. Kampuni ya Ampeg ilitoa besi ya kiwandani isiyo na freti mwaka 1966, na Fender wakafuata mwaka 1970. Lakini kwa watu wengi besi hii ilizaliwa mwaka 1976, mpiga besi Jaco Pastorius alipotoa albamu yake ya kwanza, akajiunga na kundi la jazz la Weather Report, na akapiga kwenye Hejira, albamu ya mwimbaji Joni Mitchell, yote ndani ya mwaka mmoja. Alitumia Jazz Bass, besi ya Fender, ya mwaka 1962. Mianya ya freti ilizibwa, na shingo ikapakwa gundi ngumu ya kutengenezea mashua ili nyuzi zake zenye mikwaruzo zisiule ubao.

Jaco alikuwa na kipaji kikubwa mno hata watu wakasikia kile kilichokuwa rahisi kukisikia: kasi, mtelezo, na ile sauti ya "mwaaa" inayochanua baada ya nota kuanza. Sauti hiyo ina maelezo yake. Uzi hauegemei ukingo wa chuma, unalala juu ya mbao kwa pembe ndogo sana, na unapotetemeka unaigusagusa mbao sehemu ndefu mbele ya kidole. Nyama ya kidole nayo inanyonya mitetemo mikali ya mwanzo. Matokeo yake nota inaanza kwa upole, kisha inafunguka. Ni sauti tamu, nami naipenda kama wanavyoipenda wengine. Lakini rudini kwenye Hejira, msikilize anavyoiweka besi chini ya gitaa la Joni Mitchell, aliyekuwa akityuni nyuzi zake kwa namna zake mwenyewe. Hapo mtelezo ni mchache. Kazi kubwa ni ya kuweka, nota moja baada ya nyingine, mahali ambapo gitaa lile na sauti ile vinaachia nafasi.

Naomba nitoe mfano mmoja tu wa kwangu. Tulirekodi wimbo wa polepole wenye waimbaji watatu wa kuitikia, tarumbeta mbili, ngoma na besi. Hakukuwa na kinanda wala gitaa. Kabla ya kiitikio cha mwisho mwimbaji mkuu anashika mi kwa muda mrefu, nami nashika mi hiyohiyo oktava mbili chini yake. Alikuwa anaiimba chini kidogo ya kinanda, palepale waitikiaji na tarumbeta walipokuwa wameiweka. Nikaegemeza kidole mpaka nikasikia kila kitu kimetulia. Siku mbili baadaye tulirudi kusikiliza. Mwimbaji alivua hedifoni akaniuliza, "Kaka, mbona hapa naimba chini? Juzi nilikuwa sawa." Sauti yake haikuwa imeguswa. Besi ndiyo iliyokuwa imenyooshwa, nota zote, na mi yangu ilikuwa imepandishwa hadi mstarini huku yake ikibaki ilipokuwa. Yeye aliamini kosa ni lake, akawa anaomba arudie kuimba. Fundi yule ni mtu makini na sina la kumlaumu. Alifanya alichofundishwa, kwamba donge likitoka mstarini lirudishwe. Aliporudisha rekodi ya kwanza, mwimbaji hakuhitaji kurudia chochote.

Tukio hilo linaonyesha jambo ambalo skrini haiwezi kulionyesha. Programu inapima kila nota dhidi ya mstari, wakati sikio linapima nota dhidi ya nota. Hizi programu zilianza kwa nia njema: Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa ametumia hisabati ya mawimbi katika utafutaji wa mafuta, na Melodyne ya Ujerumani ikafuata mwaka 2001 ikiwa na yale madonge tunayoyajua. Zinaweza kupangwa zirekebishe nusu tu ya kosa, au ziache nota fulani. Tatizo ni kwamba njia fupi, ile ya kuchagua yote na kubonyeza, imekuwa mazoea, na kwa ala yenye freti mazoea hayo hayakumuumiza mtu, hivyo hakuna aliyeyahoji.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni hii: wapigaji wengi wa besi isiyo na freti hawaamui chochote, wanakosea tu, na kuwanyoosha ni kuwasitiri. Siikatai. Nimesikia rekodi nyingi ambapo mpigaji anakwenda nje ya sauti, kisha anaambiwa na mashabiki kwamba hiyo ndiyo hisia. Kimo kibaya hakiwi kizuri kwa kupewa jina zuri, na prodyuza anayelipia saa za studio ana haki ya kukataa kubahatisha. Lakini hoja hiyo inadai kitu kimoja ambacho si kweli, kwamba uamuzi na kosa havitofautishiki. Vinatofautishika, na kwa njia rahisi. Mwambie mpigaji arudie sehemu ileile mara tatu. Mi ikikaa mahali palepale mara zote tatu, senti 12 au 15 chini ya mstari, ule ni uamuzi. Ikiwa mara ya kwanza iko chini, ya pili iko juu, ya tatu iko katikati, hilo ni kosa, na fundi afanye kazi yake bila kuomba radhi. Hata yale madonge kwenye skrini yanaweza kulionyesha hili, mtu akiyatumia kulinganisha rudio na rudio badala ya kulinganisha kila rudio na mstari. Kosa hutawanyika. Uamuzi hujirudia.

Kuna hoja ya pili ambayo naiona ya haki kabisa, na mashabiki wenzangu wengi hawaipendi. Kinanda kikiwepo, kinanda ndicho kinachotawala. Tuseme piano inashika kodi kubwa ya A, na C# yake ya katikati, ile mi yenyewe, inatetemeka mara 277 na kitu kwa sekunde. Nikiweka mi yangu ya besi mahali pale pa senti 386, itatetemeka mara 68.75, na mwangwi wake wa nne, ule mtetemo mdogo ndani ya nota wenye kasi mara nne ya huo, ambao sikio linaulinganisha na piano, utakuwa 275 kamili. Sauti hizo mbili zitagongana kiasi cha mara mbili kwa sekunde, na msikilizaji atasikia kitu kama kuyumba polepole ndani ya kodi. Hapo mwenye kosa ni mimi, hata nikibeba uwiano wa 5 kwa 4 kama hirizi. Mpigaji mzuri anaisikia piano, anapandisha kidole milimita zake tano na nusu, anaendelea. Kwa hiyo simtetei mtu anayeshikilia usafi wa kimo dhidi ya bendi nzima. Namtetea mtu anayeweza kuchagua, na anayechagua kwa kusikia.

Hoja ya kwamba besi hii ni mtindo wa miaka ya 80 uliopita nitaigusa kwa kifupi. Ina ukweli. Mpiga besi Pino Palladino alipopiga utangulizi wa wimbo wa Paul Young mwaka 1983, kila prodyuza alitaka sauti ile, na kwa miaka kadhaa ikawekwa kwenye nyimbo zisizoihitaji, imezamishwa ndani ya athari za kielektroniki za korasi na mwangwi hadi haina mifupa. Palladino mwenyewe baadaye alirudi kwenye besi yenye freti, na aliyoyafanya nayo kwenye albamu ya mwimbaji D'Angelo ya mwaka 2000 ni somo kubwa. Lakini kilichochakaa pale ni ule urembo. Ala yenyewe haikuganda katika muongo mmoja: Jeff Ament aliipiga kwenye roki ya Pearl Jam mwaka 1991, na Steve DiGiorgio akaipeleka kwenye muziki wa metali kali wa kundi la Death mwaka 1993, ambako hakuna aliyekuwa anatafuta utamu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa kwa kasi zaidi sasa, ni ile ya kwamba mashine imeshatuondolea haja ya ala hii kwa kuwa inateleza vizuri. Angalia inavyofanya kazi. Ala bandia ya besi mara nyingi ni nota nyingi za besi halisi zilizorekodiwa moja moja. Ukibofya kibodi, inachagua nota iliyo karibu, inaicheza, na kama umeagiza mtelezo inaikokota kutoka nota moja hadi nyingine kwa muda uliopangwa. Inaanzia kwenye hatua iliyo sawa na kuishia kwenye hatua iliyo sawa. Kidole cha mpigaji kinapoteleza, mwisho wa safari haujapangwa; sikio linaisikia nota inapokaribia na kuisimamisha pale inaposhikana na wengine, na kama mwimbaji leo yuko juu kidogo kuliko jana, safari inaishia juu kidogo. Mashine imeiga njia na kuacha sababu ya kusafiri. Anayesema imetosha anaonyesha alichokuwa anakisikiliza muda wote.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nachukia mitambo. Mojawapo ya vipande vya besi isiyo na freti vinavyopendwa zaidi duniani ni ule mporomoko mfupi wa Bakithi Kumalo, mpigaji wa Afrika Kusini, kwenye wimbo wa You Can Call Me Al katika albamu ya Graceland ya Paul Simon, mwaka 1986. Nusu ya kwanza aliipiga kwa mikono yake. Nusu ya pili ni hiyohiyo ikichezwa kinyume kwa kugeuza tepu. Hakuna kidole kinachoweza kuipiga nusu ile kama inavyosikika, na bado ni ya Kumalo, kwa kuwa kila kimo kilichomo aliamua yeye na mtambo haukukigusa. Uligeuza mwelekeo tu. Vivyo hivyo, zipo programu zinazoweza kupangiwa mizani nyingine ya nota, na zipo kibodi mpya ambazo kidole kinaegemea na kuteleza juu yake. Mtu akikaa na chombo kama hicho akaamua kila mi na kila ti kwa kusikiliza bendi, anafanya kazi yetu, na namkaribisha kwa mikono miwili. Sibishani kuhusu mbao na plastiki.

Upande wetu nao tumetia chumvi. Tunasema freti ni gereza, kwamba mwenye freti hajaonja uhuru. James Jamerson alijenga msingi wa muziki wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, kwa besi yenye freti, nyuzi laini zilizozeeka, na kidole kimoja cha mkono wa kulia, na hakuna kilichokosekana. Freti inampa mpigaji mwanzo wa nota ulio wazi, kodi zisizoyumba, na mkono ulio huru kufikiria mdundo. Tunadharau pia mistari inayochorwa kwenye ubao wa besi isiyo na freti, kana kwamba anayeihitaji ni mpigaji nusu. Mistari ni msaada halali, mradi mtu ajue mambo mawili. Kidole hapa kinawekwa juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake kama kwenye freti. Na jicho linalotazama kutoka juu, kwa pembe, linaupotosha mstari kwa milimita kadhaa, ambazo kama tulivyoona ndizo milimita zenyewe tunazozizungumzia.

Kama hoja yangu ni sahihi, kinachopaswa kubadilika kwanza ni ufundishaji. Wanafunzi wengi wa sasa wanajifunza kimo kwa programu ya kutyuni kwenye simu: wanapiga nota, wanatazama mshale, wanarekebisha mpaka taa iwe ya kijani. Baada ya miezi kadhaa wana jicho kali sana, na wakipiga na waimbaji wanashangaa mbona mambo hayashikani. Mimi nilijifunza, na bado nafanya mazoezi kila asubuhi, kwa sauti moja inayodumu. Unaweka A iendelee bila kukatika, unafumba macho, unatafuta mi yake kwa kushuka polepole sana kutoka juu. Kwanza unasikia mgongano wa haraka, kisha unapungua, kisha unakuwa kama pumzi ya mtu aliyelala, kisha unakoma na besi nzima inatetemeka tumboni mwako. Hapo ndipo mahali. Kesho yake weka piano chini ya zoezi hilohilo, na utafute mahali pengine. Mwanafunzi aliyefanya hivi kwa wiki sita anajua tofauti ya kimo cha mstari na kimo cha wenzake, na hahitaji makala kumweleza.

La pili ni utaratibu wa studio. Kwa ala zote zisizo na freti, sauti za binadamu zikiwemo, kusikiliza kutangulie skrini. Wimbo usikilizwe mzima, mtu aseme ni sehemu gani inamsumbua, na hiyo tu ndiyo ifunguliwe. Kinachonyooshwa kinyooshwe kwa kulinganisha na aliyekuwa akipiga pale, na rekodi mbichi ihifadhiwe. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya zile programu zinazotunga muziki. Hizo zimejifunza kutoka kwenye rekodi zilizopo. Kila rekodi ya besi isiyo na freti inayotoka ikiwa imenyooshwa inaifundisha mashine kwamba ala hii ni mtelezo kati ya nota zilizonyooka, na mashine inatoa hicho inapoagizwa. Kijana anayeisikia kwa mara ya kwanza kupitia mashine hiyo atanunua besi, ataijaribu ifanane na alichosikia, na akifanikiwa atarekodi. Fundi atafungua skrini na kukuta hakuna cha kunyoosha.

Kwa sasa bado zipo rekodi za kutosha zinazosema vingine, na bado wapo wapigaji wanaoegemeza kidole. Ninapokwenda kurekodi siku hizi naomba jambo moja kabla ya kutyuni: fundi aniambie kama kutakuwa na kinanda kwenye wimbo, hata kama kitaongezwa baadaye. Wengi wanashangaa swali hilo linahusiana vipi na besi. Nawapigia mi mbili, moja ya piano na moja ya waimbaji, milimita tano na nusu kati yao, na kazi inaanza.